Kifaru Aliyeshonwa Ndani ya Koti

Babu yangu mzaa mama alikuwa na koti moja zito la kijivu, la misiba na la sikukuu, na lile koti lilikuwa na kitu upande wa ndani, kushoto, chini kidogo ya mfuko anapowekaga ugoro. Kitambaa. Ukubwa wake kama kiganja cha mtoto wa miaka mitatu hivi, na juu yake kichwa cha kifaru, pembe iko mbele, kimeshonwa kwa uzi mweusi mnene ule wa kushonea magunia. Mi nilikiona mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, babu kalivua koti jua lilipokuwa kali akalitundika kwenye tawi la mwembe, upepo ukalifungua. Nikamuuliza, babu hiki nini? Akasema, "Huyo ndo kifaru wetu mjukuu wangu, tulienda naye Bama."

Kwa miaka mingi nikaamini babu aliendesha kifaru, yaani kile cha chuma chenye mzinga, maana neno ni hilohilo moja. Nimekuja kuelewa baadae sana kwamba alikuwa askari wa kutembea kwa miguu kwenye Vita Kuu ya Pili, 36 KAR, yaani batalioni ya 36 ya King's African Rifles, na huyo kifaru ni alama ya divisheni yake, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Na tangu nielewe hivyo nimekuwa mtu wa kutazama mabega ya watu. Nikiona gwaride kwenye tv wengine wanaangalia miguu inavyokwenda, mi naangalia begani, kifuani, kwenye bereti, nataka kujua huyu katoka wapi na kile kilichoshonwa pale kinasema nini.

Wazee wetu walikuwa wanaiita Keya, wakimaanisha KAR, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki. Namba zake zilikuwa zinaongea zenyewe ukizijua. Ukisikia mtu alikuwa 6, 26, 36 au 46 KAR basi huyo ni wa batalioni za Tanganyika, 4, 34 na 44 ni Uganda, 2 na 22 ni Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, 11 ni Kenya. Sasa hao wote, Msukuma, Mkamba, Mlangi, Mchewa, mwaka 1943 wakawekwa kwenye divisheni moja, wakapelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kufanya mazoezi ya msituni halafu 1944 wakaingia Burma, Myanmar ya sasa, au Bama kama wenyewe walivyotamka, kupigana na Wajapani. Watu waliokuwa na lugha ishirini tofauti za nyumbani na Kiswahili cha kambini, na kitu walichokuwa nacho sawasawa wote ni hicho kichwa cha kifaru.

Na hapo nataka nikae kidogo maana hapo ndo pananigusa. Kwenye lile jeshi ukiondoa kifaru hakuna kingine kilichokuwa sawa. Mshahara haukuwa sawa, chakula hakikuwa sawa, Mwafrika wa Keya hata awe hodari vipi hakuwa anapewa uofisa, nyota za begani zilikuwa za mzungu tu, wewe ukipanda sana unaishia kwenye alama za mkononi. Lakini kifaru alivaa jenerali Fowkes aliyeongoza divisheni na akavaa babu yangu aliyebeba bunduki na koleo. Huyohuyo. Babu alikuwa anaisema hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia kitu cha thamani, "bwana mkubwa alikuwa na kifaru na mimi nina kifaru."

Nikifikiria Bonde la Kabaw nashindwa kuelewa walipitaje. Msimu wa mvua za masika ya kule, Agosti, Septemba, Oktoba 1944, barabara ni tope la magoti, malaria, na typhus ya vijidudu vya majanini, na Wajapani wanarudi nyuma kidogokidogo huku wanaacha wadunguaji njiani. Divisheni ya kifaru ndo ilipewa hilo bonde. Wakalishuka lote mpaka Kalemyo, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba, na pale Kalewa likajengwa daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganisha, la kuelea la mita kama 350, lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo kwa wakati ule. Babu alipovuka hilo daraja alikuwa amevaa shati lililooza mgongoni. Hilo alilisimulia mara nyingi, shati lililooza. Na wengine wenye alama zao begani hawakufika hata kwenye hiyo vita, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache tu, watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga kutoka kwetu huku.

Sasa hiki kitambaa chenyewe. Ninacho mbele yangu hapa naandika. Rangi imeshakwenda, imekuwa kama chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Lakini ukikigeuza nyuma kuna kitu: alama mbili za duara za kutu, moja juu moja chini. Zile zimetokana na vifungo vya chuma vya kubana, vile vya kubonyeza vinalia tak. Nchi za joto shati la jeshi linafuliwa kila mara tena linachemshwa, ukishona alama moja kwa moja inaharibika upesi, kwahiyo alama nyingi ziliwekewa vifungo ili zivuliwe kabla ya kufua. Na kuvuliwa huko kulikuwa na kazi nyingine. Kifaru hana maandishi yoyote, hamna jina la divisheni, hamna namba, na hiyo ni makusudi, maana adui akimkuta maiti au akimshika mateka hatakiwi kusoma begani kwake ni kikosi gani kiko mbele yake. Na wakihama kwa siri wanaambiwa vueni alama. Babu alisema usiku wa kuvua kifaru ndo ulikuwa usiku wa kuogopa, kwasababu ukishakitia mfukoni unajua kuna jambo.

Picha za hizi alama hazikuwa za mapambo, kila moja ilikuwa na maneno yake. Jeshi la 14, ambalo kifaru alikuwa chini yake, alama yake ilikuwa ngao nyekundu yenye upanga umeelekea chini. Kwa desturi za Waingereza upanga kwenye alama unaelekea juu, lakini jenerali Slim, mkuu wa jeshi hilo, aliyeuchora mwenyewe akasema wa kwake utaelekea chini kwasababu anajua Burma ataichukua tena akishuka kutoka kaskazini. Na ndivyo ilivyokuwa. Halafu kuna Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, hao alama yao ni buibui, Anansi, yule mjanja wa hadithi za Waghana kama sungura wetu sisi. Yule buibui alishonwa kichwa chini, ukiona picha unaweza kudhani fundi kakosea, hapana, wazo ni kwamba askari akiinua mikono kulenga bunduki buibui anaonekana anakwenda mbele kumfuata adui. Mtu alikaa akafikiria mkono wa askari utakuwa wapi akiwa kazini, siyo akiwa amesimama gwaride. Mi naipenda sana hiyo.

Ila kuna moja imenikaa moyoni kuliko hata kifaru wa babu na nisamehewe kwa hilo. Divisheni ya 82 ya Afrika Magharibi. Alama yao ni mikuki miwili imepishana, imepita katikati ya kata. Kata, ile ngata ya kichwani, ile duara ya kitambaa au majani unayoweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Maana yake ni kwamba tunapigana kwa nguvu ya wapagazi wetu. Wale jamaa kwenye milima ya Arakan, hukohuko Burma, kulikokuwa hakupiti gari walibebewa kila kitu vichwani, risasi, mchele, majeruhi, na mtu mmoja aliyekuwa na akili na heshima akasema hao ndo tuwaweke begani.

Nilipoona hiyo picha nilimkumbuka baba yake babu.

Yeye hakuwa na alama. Alichukuliwa 1917, Vita Kuu ya Kwanza, kutoka huko kwetu Usukumani baada ya Waingereza kuingia Mwanza, akawa mpagazi kwenye ile Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambayo ndo imetupa Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, zile sehemu zilikuwa kambi zao. Alichopewa ni kibati. Kipande cha bati chenye tundu na namba, kinafungwa kamba shingoni. Familia hatuna hicho kibati, kilichobaki ni habari tu, kwamba alirudi na kovu la kamba shingoni na hakutaka kitu chochote shingoni mpaka anakufa, hata hirizi alikataa. Vita ile upande wa Waingereza peke yake ilitumia wapagazi karibu milioni moja, na waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu, wengi siyo kwa risasi, kwa kuhara, kwa njaa, kwa homa ya mapafu, kwa kutembea tu.

Beji inasema wewe ni wa kwetu, kibati kinasema wewe ni wa ngapi. Baba na mwanae, miaka ishirini na saba katikati, jeshi ni la ufalme uleule.

Na hili jambo halikuishia vitani, likaenda mpaka makaburini. Ukiingia pale makaburi ya vita Dar es Salaam, njia ya kwenda Bagamoyo, yale yaliyohamishiwa pale mwaka 1968, utaona mawe meupe yamepangwa, na mawe ya namna ile duniani kote huwa yanachongwa alama ya kikosi cha marehemu juu ya jina. Alama inamfuata mtu mpaka jiweni. Nimewahi kusimama pale mchana wa jua kali nikagusa moja kwa kidole, alama imechongwa ndani kabisa, mvua ya miaka hamsini haijaifuta, unasikia kila kona. Nikajiuliza wapagazi wako wapi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikaomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Mtu ambaye hakupewa alama akiwa hai hakupewa na jiwe akifa, na sababu ni ileile, hakuna aliyemwandika kama mtu wa mahali fulani. Pale mjini Dar ipo sanamu ya Askari, imesimama tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini juu pale amesimama mwenye bunduki.

Watu wengi hawajui ni kiasi gani haya mambo ya alama yameingia kwenye midomo yetu. Ukisimamishwa na trafiki Ubungo ukasema "shikamoo afande", hilo neno ni efendi, la Kituruki, lilikuja na askari wa Kisudani ambao Wajerumani na Waingereza waliwachukua kutoka Misri kuanzisha majeshi yao huku. Walikuja na vyeo vyao, ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, na shaushi, yaani sajini. Vile vyeo vimekufa, afande akabaki. Na kuna lingine ambalo nikiwaambia watu wanashtuka. Sajinitaji. Tunaye jeshini, tunaye polisi, tunasoma kwenye magazeti kila siku, sajinitaji fulani kapandishwa cheo. Taji gani? Taji la mfalme wa Uingereza. Cheo kile kwa Waingereza kilikuwa V tatu na taji juu yake, askari wa Keya wakakiita walivyokiona, sajini mwenye taji. Tukapata uhuru, taji likang'olewa mkononi, kwenye ulimi likabaki mpaka leo, na mi sioni kama ni aibu, naona ni kama lile tundu la sindano linalobaki kwenye shati ukishang'oa kitambaa.

Maana kung'oa tuling'oa kweli. Tarehe 9 Desemba 1961 ile 6 KAR ikawa Tanganyika Rifles ya kwanza na 26 KAR ya Tabora ikawa ya pili. Kambi yao Dar iliitwa Colito, jina la mahali Ethiopia ambapo Keya walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Januari 1964 wakaasi pale pale Colito, na baada ya maasi Mwalimu akalivunja jeshi lote, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ ikiwa mpya kabisa, na Colito ikawa Lugalo, kwa heshima ya pale Mkwawa alipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Wakenya walifanya vingine, walichukua 3 KAR, 5 KAR na 11 KAR wakaondoa mfalme wakaweka Kenya, namba wakaziacha vilevile, ndo maana mpaka leo Kenya unasikia 3KR na 5KR. Nimewahi kubishana na rafiki yangu wa Nakuru kuhusu hili mpaka usiku wa manane. Mi bado nasema Mwalimu alifanya sawa, huwezi kumwambia kijana alinde nchi yake halafu begani kwake kumeandikwa historia ya aliyekuwa anaitawala. Lakini pia nakubali kwamba wazee kama babu walijikuta hawana mahali, kikosi chao hakipo, alama yao siyo ya jeshi lolote linaloishi, na hakuna gwaride ambalo kifaru angepita.

Alafu kuna kitu kilinitokea mimi mwenyewe nikiwa chuo. Nilinunua koti la mitumba la rangi ya majani, lina beji begani ya jeshi la nchi ya Ulaya huko, tai amekunjua mabawa, nikaona limetulia. Stendi akanifuata baba mmoja wa makamo, kavaa kiraia, akaniita pembeni taratibu. "Kijana, hii umepewa na nani?" Nikamwambia nimenunua, mzee. Akanitazama kidogo, akauliza, "Umekula kiapo?" Nikasema hapana. Akatoa kisu kidogo kwenye funguo zake akanikabidhi, nikakaa kwenye benchi nikafumua ile beji mwenyewe uzi mmoja mmoja, yeye kasimama tu pale hasemi neno, nilipomaliza akachukua kisu chake akaniambia "asante afande wangu" akaondoka. Hakunipiga, hakunitukana. Mwaka 2023 JWTZ walipotoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi, nikaona mitandaoni watu wengi wanalalamika eti ni nguo tu, mi nilikuwa namkumbuka yule baba. Kuna watu wamepitia vitu ndo wakapewa kile kitambaa, na wako wengine wamekufa nacho. Kukivaa kwasababu kimetulia ni kuchukua cha mtu.

Na hapo ndo nikaelewa kwanini babu alishona kwa ndani. Jeshi lake lilikuwa limekwisha, sheria haimruhusu kuvaa sare, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Nje hakukuwa na ruhusa tena. Ila ndani ya koti ni kwake.

Babu alifariki tukiwa wote tumeshakuwa watu wazima. Siku ya kumvalisha, wajomba walitaka azikwe na lile koti kama lilivyo. Mama akakataa, akasema koti aende nalo lakini kifaru abaki, na palitokea maneno kidogo pale maana mjomba mkubwa alisema huwezi kumvua askari alama yake. Mama akamjibu, "Kaka, mimi ndo nilikuwa namshonea. Kila ikilegea ananiita mimi." Hilo hatukuwa tunalijua hata mmoja. Kumbe ule uzi mweusi ni wa mama, tangu ana miaka kumi, bibi alipokuwa haoni vizuri tundu la sindano, babu anamwita, anakaa kwenye kigoda, koti mapajani, anamwonyesha hapa pamelegea, mwanangu, na hapa. Ukikitazama kitambaa vizuri unaona matundu ya safu tatu, moja juu ya nyingine, na kwenye kona ya juu kuna vipande vya uzi mwingine, mwembamba, wa rangi ya udongo, ambao siyo wa mama. Huo ni wa kule. Fundi gani wa Ceylon au wa India, au babu mwenyewe kwenye hema.

Mwaka jana nilitaka kukiwekea fremu ya kioo. Nikamwomba mama anifumulie zile nyuzi zinazoning'inia ili kikae safi. Akavaa miwani, akakichukua, akakisogeza dirishani penye mwanga akakitazama muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Kisha akanirudishia vilevile. "Nyuzi usiguse," akasema, akaenda kuendelea kuchambua mchele. Kwahiyo kipo hapa kwenye kopo kubwa la Kiwi, lile ambalo babu aliweka vifungo vyake, na ukilifungua bado linanuka dawa ya viatu.